Darwin wa Downe: baba wa watoto kumi, mfuga njiwa, mcheza kete

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani kwetu una njia yake iliyozoeleka. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma hapa na pale, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akahamishiwa mkoa mwingine, akastaafu. Ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu. Alichokipenda, alichokuwa akikifanya jioni akishavua viatu, hakimo.

Kwa mtindo huo, aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa Charles Darwin angekwama mapema. Darwin hakuwahi kuajiriwa. Katika miaka 73 aliyoishi hakupokea mshahara wa hata mwezi mmoja. Ile safari ya kuzunguka dunia kwa meli ya Beagle, kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836, alikwenda bila malipo. Gharama zilimwangukia baba yake. Tangu Septemba 1842 hadi alipofariki Aprili 1882 alikaa nyumbani, katika kijiji cha Downe, jimbo la Kent, kilomita kama 25 kutoka katikati ya London. Baada ya Beagle hakutoka tena nje ya Uingereza. Alikuwa na mke, watoto, mbwa, njiwa, maua na nyungunyungu, na siku zake zilijaa.

Wengi wetu tunamjua Darwin kwa ubishi tu: ni yule aliyesema binadamu katokana na nyani. Leo ubishi huo tuuachie vijiwe na madarasa ya biolojia. Ninayetaka kumkumbuka hapa ni Darwin wa nyumbani, kwa sababu naamini kwamba bila huyo, yule wa vitabuni asingekuwepo.

Machoni pa mzee wake hakuanza vizuri. Dkt. Robert Darwin, tabibu tajiri wa mji wa Shrewsbury, alikuwa na mtoto aliyefiwa na mama akiwa na miaka minane, na ambaye darasani hakuonyesha lolote la maana. Kijana alipenda kukusanya vitu: makombe, sarafu, mawe, mihuri ya barua. Baadaye akapenda bunduki. Ulipofika msimu wa kuwinda ndege alilala huku buti zake zimeachwa wazi kando ya kitanda, asije akapoteza nusu dakika asubuhi kwa kuzivaa. Baba alifika mahali akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba hajali kitu duniani isipokuwa kupiga bunduki, mbwa na kukamata panya, na kwamba atakuja kuwa aibu kwake mwenyewe na kwa ukoo mzima. Darwin aliikumbuka kauli hiyo hadi uzeeni. Alipoiandika, aliongeza kwamba baba yake alikuwa mtu mwema kuliko wote aliopata kuwajua. Siku ile hasira tu zilimpanda.

Mwaka 1825, akiwa na miaka 16, alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari. Enzi hizo mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, bila dawa ya usingizi. Darwin alishuhudia upasuaji mara mbili, mmojawapo ukiwa wa mtoto, akatoka mbio kabla haujaisha na hakurudi tena. Alichokipata Edinburgh ni kitu kingine. Jirani na alikopanga aliishi John Edmonstone, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Guyana, akapata uhuru wake, na sasa alikuwa akijipatia riziki kwa kuchuna ndege na kuwajaza ili wahifadhike. Darwin alimlipa amfundishe, wakawa wanakaa pamoja muda mrefu wakizungumza. Hebu fikiria habari hiyo ikifika mtaani kwetu: mtoto wa daktari kaenda kusomea udaktari, karudi na ujuzi wa kujaza ndege pamba. Lakini ni ujuzi huo uliomwezesha, miaka michache baadaye, kuwahifadhi ndege wa visiwa vya Galápagos hadi wakafika London wakiwa wazima wa kuchunguzwa.

Baba akabadili mpango: basi awe mchungaji. Akampeleka Cambridge, na huko kijana akapatwa na wazimu wa mbawakawa. Siku moja alibandua gamba la mti mkavu akaona wawili wa aina adimu, akamshika mmoja kila mkono. Mara akatokea wa tatu, wa aina nyingine. Asingeweza kumwacha, kwa hiyo akamtia mmoja wa wale wa kwanza mdomoni ili apate mkono. Mdudu akamtemea maji makali yaliyomchoma ulimi. Akamtema, akampoteza, na yule wa tatu naye akatoweka. Darwin mwenyewe alikiri kwamba katika mambo yote ya Cambridge hakuna alilolifuatilia kwa hamu wala lililompa raha kuliko mbawakawa.

Ruhusa ya kupanda Beagle ilipatikana kwa msaada wa mjomba. Mzee alikuwa amekataa. Alisema ni upuuzi mwingine wa kupoteza wakati. Josiah Wedgwood, kaka wa marehemu mama yake Charles, wa familia ile maarufu ya viwanda vya vyombo vya udongo, akaenda kumtetea kijana, hoja moja baada ya nyingine, hadi shemeji yake akalegea. Mjomba huyo hakujua kwamba alikuwa akimtetea mkwe wake.

Maana Darwin alipofikiria kuoa, mwaka 1838, alichukua karatasi akaigawa pande mbili: kuoa, na kutokuoa. Upande wa kutokuoa aliandika uhuru wa kwenda anakotaka, fedha za kununulia vitabu, na kuepuka kulazimishwa kutembelea ndugu. Upande wa kuoa aliandika watoto, mwenzi wa uzeeni, na mtu wa kucheza naye, ambaye, kwa vyovyote, ni afadhali kuliko mbwa. Ni ushahidi wa kijana aliyekuwa bado hajajua anachokizungumzia. Akahitimisha kwamba lazima aoe, na tarehe 29 Januari 1839 akamwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba yule yule.

Ndoa ya mtoto wa mjomba haishangazi watu wengi wa pwani yetu, na wakati ule haikuwashangaza Waingereza wa tabaka lake pia. Aliyekuja kuhangaika nayo ni Darwin mwenyewe. Watoto walipokuwa wakiugua mara kwa mara alianza kujiuliza kama damu kuwa karibu mno ndiyo sababu, hata akaomba, kupitia mbunge rafiki yake, kwamba sensa ya mwaka 1871 iwaulize watu kama wameoana na binamu zao. Bunge likakataa.

Emma alikuwa mkubwa kwa mumewe kwa miezi tisa, mpiga piano hodari, na mcha Mungu. Mapema katika ndoa alimwandikia mumewe barua ya upole, akimweleza hofu yake kwamba njia ya kutaka ushahidi wa kila kitu ingemfanya aache kuamini yasiyoweza kuthibitishwa. Darwin aliitunza barua ile maisha yake yote. Pembeni aliandika kwamba mkewe ajue, atakapokuwa amekufa, kwamba mara nyingi aliibusu na kuililia. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo hilo, na waliishi pamoja miaka 43.

Watoto walikuwa kumi, saba wakafikia utu uzima. Wa kwanza, William, alizaliwa Desemba 1839, na baba akaanza daftari siku hizo hizo: lini mtoto kapiga chafya, lini kakunja uso, lini kacheka kwa mara ya kwanza, lini kaogopa. Daftari hilo lilikuja kuchapishwa kama makala ya kitaalamu mwaka 1877, William mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye kazi benki. Sijui ni mtoto gani mwingine wa karne ile aliyetazamwa na baba yake kwa makini namna hiyo, wakati ambapo akina baba wa tabaka lake waliwaona watoto saa ya chakula tu, wakiwa wamechanwa nywele.

Nyumba ya Downe haikuwa na ukali. Kulikuwa na ubao wa kuteleza uliowekwa kwenye ngazi, watoto wakashuka kwa makalio toka juu hadi chini. Chumba cha kazi cha baba kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye shida ya mkasi, kamba, gundi au rula, na walikuwa na shida hizo mchana kutwa. Wanasimulia kwamba ukali wake wote ulikuwa siku moja kumwangalia mtoto kwa uchovu na kumuuliza kama haoni kuwa ingewezekana asiingie tena, kwa kuwa ameshakatizwa mara nyingi. Mtoto akiugua, alitandikiwa kwenye kochi la chumba hicho hicho ili asikae peke yake. Mmoja wa wavulana, akiwa na miaka kama minne, alimtolea baba yake peni sita za rushwa ili aache kazi watoke wakacheze.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Leonard. Kurukaruka juu ya kochi kulikatazwa, kwa ajili ya springi. Siku moja baba kaingia, kamkuta Leonard anaruka. Akamwambia kwamba hilo ni kinyume cha sheria zote. Mtoto akamjibu kwamba, kama ni hivyo, basi ni afadhali baba atoke chumbani. Leonard alikuja kuwa meja wa jeshi na mbunge, akaishi hadi 1943. Nadhani katika nyumba nyingi za kwetu jibu hilo lingemfupishia safari.

Siku ya Darwin ilikuwa na ratiba isiyobadilika. Matembezi kabla ya chai, kazi hadi saa tatu na nusu, kisha kulala kochini akisomewa barua na riwaya. Kazi tena hadi saa sita. Halafu kwenda kuzunguka Sandwalk, kinjia cha mchanga alichokitengeneza nyuma ya shamba, akihesabu mizunguko kwa kusukuma kijiwe kimoja kimoja kwa fimbo au mguu. Polly, mbwa mdogo mweupe, alifuata nyuma. Baada ya chakula, gazeti, barua, kupumzika huku Emma akisoma riwaya, saa moja ya kazi tena, basi. Ukijumlisha, ni saa nne za kazi au tano. Ugoro alikuwa ameshindwa kuuacha, kwa hiyo aliuweka kwenye mtungi ukumbini, mbali na meza yake, ili kila akitaka kunusa apate taabu ya kunyanyuka. Alinyanyuka.

Riwaya alizipenda hadi akasema kungekuwa na sheria ya kuzipiga marufuku zile zinazoishia kwa huzuni. Alikuwa na meza ya biliadi aliyoichezea na Parslow, mtumishi mkuu wa nyumba. Na usiku, bila kukosa, alicheza bekigamoni na mkewe, ule mchezo wa kete na dadu, michezo miwili kila usiku, mwaka hadi mwaka, na matokeo yakaandikwa. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake wa Marekani, mtaalamu wa mimea Asa Gray, akajigamba kwamba Emma, maskini, ameshinda mara 2,490 tu, ilhali yeye kashinda mara 2,795.

Lakini mapenzi yake mengine hayakubaki kuwa ya kupitishia wakati. Hapo ndipo mtu huyu anapotofautiana na sisi wengine tunaofuga kuku wa kienyeji tukaishia kuwala. Kuanzia 1846 alijifungia na wale viumbe wadogo wenye magamba wanaong'ang'ania mawe ya pwani na matumbo ya majahazi. Alidhani ni kazi ya miezi michache; ilimchukua miaka minane. Watoto waliozaliwa katika kipindi hicho walikua wakiamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya akina baba wote. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, akizungumziwa baba wa jirani, aliuliza: sasa yeye magamba yake anayachunguzia wapi?

Ilipofika 1855 akahamia kwa njiwa. Alijenga banda uani, akanunua kila aina aliyoweza kuipata: wanaojaza koo hewa, wenye mkia wa kufunuka, wanaopinduka angani wakiruka. Alijiunga na vyama viwili vya wafuga njiwa vya London, akakaa baani na mafundi na wafanyabiashara wadogo wanaovuta kiko, bwana huyu mwenye mali, akiwasikiliza wakibishana juu ya mdomo wa njiwa. Alipenda sana kuwasikiliza. Watu wale walijua kitu ambacho maprofesa hawakukijua: kwamba ukichagua mzazi kwa uangalifu, kizazi baada ya kizazi, unaweza kumbadili ndege hadi mgeni asiamini kuwa ni njiwa. Darwin alionyesha kwamba aina zote zile zimetokana na njiwa mmoja wa porini, yule wa majabalini. Kama mkono wa mfugaji unaweza kufanya hivyo kwa miaka michache, maumbile yatashindwaje kwa miaka milioni? Kwa hoja hiyo ya njiwa ndipo kinapoanzia kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Msomaji mmoja aliyepewa mswada na mchapishaji alishauri kwamba Darwin aachane na mengine yote aandike kitabu cha njiwa tu, kwa kuwa kila mtu anapenda njiwa.

Kitabu chenyewe kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, na wauza vitabu wakazibeba zote mara moja. Mswada wake leo karibu wote umepotea. Baadhi ya kurasa chache zilizobaki zimeokoka kwa sababu watoto walizichukua kuchorea mgongoni. Mmojawapo una picha ya vita: askari waliopanda karoti na bilinganya.

Nimechelewa kufika kwenye misiba, nadhani kwa makusudi. Annie, mtoto wa pili kuzaliwa, alikuwa kipenzi cha nyumba, na hakuna aliyeficha hilo. Mwaka 1851, akiwa na miaka kumi, alipelekwa Malvern kwa matibabu ya maji ambayo baba yake aliyaamini. Emma alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuweza kusafiri. Darwin alikaa kitandani kwa mtoto, akamwandikia mkewe kila siku: amekunywa kidogo, ametapika, amesema asante. Annie alifariki tarehe 23 Aprili. Baba hakukaa mazishi. Alikimbilia nyumbani kwa mkewe. Wiki moja baadaye aliandika kurasa chache za kumkumbuka, jinsi alivyokuwa akimtembeza Sandwalk akitangulia mbele kwa kuzungukazunguka, na namna alivyomletea ugoro wa kuiba. Wanahistoria wengi wanasema imani yoyote iliyokuwa imebaki ndani yake ilizikwa Malvern. Yeye mwenyewe hakusema hivyo waziwazi, nami sitamsemea.

Msiba mwingine uligongana na saa kubwa kuliko zote za kazi yake. Juni 1858 alipokea barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, mtafiti kijana aliyekuwa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Ndani yake mlikuwa na wazo lile lile la uteuzi asilia ambalo Darwin alikuwa akilikalia kwa miaka 20. Wakati huo huo homa ya vipele vyekundu ilikuwa imeingia kijijini, na mtoto wa mwisho, Charles Waring, mwenye mwaka mmoja na nusu, alifariki tarehe 28 Juni. Marafiki walipanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja London tarehe 1 Julai, ili haki isimpotee yeyote. Nadharia iliyokuja kubadili biolojia ilitangazwa kwa mara ya kwanza, na mwenyewe hakuwepo: alikuwa Downe anamzika mwanawe.

Baada ya hapo aliishi miaka 24 mingine, na humo ndimo nyumba nzima ilipogeuka maabara. Watoto walisimamishwa kwenye vichaka na mitaro, kila mmoja na mahali pake, wapige kelele nyuki wakubwa wenye manyoya wakipita, ili ijulikane kama nyuki hao wana njia maalumu. Baba aliwanyunyizia nyuki unga apate kuwatambua. Okidi zilijaa kwenye nyumba ya kioo, kitabu chake kikatoka 1862. Ukaja pia mmea unaokula wadudu, ambao aliulisha vipande vya nyama kwa uangalifu hadi Emma akamwandikia rafiki kwamba mumewe anauhudumia kama kiumbe hai kabisa, na huenda anataka kuthibitisha kuwa ni mnyama. Binti yake Henrietta ndiye aliyehariri kitabu cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, akakata sentensi ndefu za baba yake bila huruma.

Na nyungunyungu. Alianza kuandika juu yao 1837, akawarudia miaka arobaini baadaye. Desemba 1842, miezi michache baada ya kuhamia Downe, alimwaga chokaa juu ya kipande cha malisho, akaacha. Akasubiri miaka 29. Novemba 1871 akachimba mtaro, akaikuta ile chokaa imezama sentimita 18 hivi, kwa udongo uliopandishwa juu na nyungunyungu peke yao. Uzeeni aliwaweka ndani ya vyungu sebuleni. Alitaka kujua kama wanasikia: mwanawe Francis akawapigia bassoon, zumari refu la sauti nzito, Emma piano, mwingine filimbi. Nyungunyungu hawakutikisika. Vilipowekwa vyungu juu ya piano na noti ikagongwa, wakazama mashimoni upesi. Hawasikii, bali wanahisi mtikisiko. Kitabu cha nyungunyungu kilitoka 1881 na kikauzwa upesi ajabu kwa kitabu cha mada hiyo. Mkulima yeyote wa leo anayejua kuwa udongo wenye nyungunyungu ni udongo hai anafaidi jioni hizo za Downe.

Tusimpambe kupita kiasi. Ni rahisi kuwa baba wa nyumbani ukiwa na urithi wa mzee, hisa za reli, mpishi, yaya na watunza bustani. Yeye aliugua miaka mingi, tumbo na kutapika, ugonjwa ambao madaktari wanabishania hadi leo, na aliyebeba mzigo wa uuguzi ule ni Emma, ambaye mwenyewe alizaa mara kumi. Mimi naona saa zile nne za kazi zilinunuliwa na saa zake zote.

Na sisi Waafrika tuna la ziada la kumuuliza. Aliuchukia utumwa kwa dhati, kama ukoo mzima wa Wedgwood. Kule Brazili, mwaka 1832, aligombana na nahodha wa Beagle kwa sababu hiyo karibu afukuzwe mezani. Lakini katika kitabu cha 1871 aliwapanga watu kwa ngazi, Wazungu wa kwao juu, na akatumia maneno ya dharau kwa wengine. Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba yaelekea mababu wa mwanzo wa binadamu waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na sokwe mtu wanaishi huku. Wengi walilipuuza wazo hilo kwa miongo. Tarehe 17 Julai 1959, miaka mia moja tangu kutoka kwa kile kitabu chake kikubwa, Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai, Tanganyika, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75.

Kijijini hawakumjua kwa hayo. Downe walimjua kama mtunza hazina wa chama chao cha kusaidiana, kile ambacho sisi tungekiita cha kufa na kuzikana. Aliishika kazi hiyo kwa miaka 30. Kila Jumatatu ya Pentekoste wanachama waliandamana kwa bendi na bendera hadi kwenye uwanja wa nyumba yake, naye akawasomea hesabu, akichomekea mizaha miwili mitatu wanayoijua. Katika mambo ya kijiji alishirikiana na kasisi Brodie Innes, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hawakuafikiana karibu juu ya jambo lolote la dini. Jumapili Emma aliwapeleka watoto kanisani. Inasemwa baba aliwasindikiza hadi mlangoni, kisha akaendelea na matembezi.

Alifariki nyumbani tarehe 19 Aprili 1882, Emma akiwa kando yake. Polly alikufa siku chache baadaye. Darwin alitaka kuzikwa Downe, walipolala kaka yake Erasmus na wanawe wawili waliofariki wakiwa wadogo sana, na seremala wa kijiji alishamtengenezea jeneza kama alivyopenda mwenyewe, la mbao tupu zisizopigwa msasa wala rangi. Kisha London ikaingilia. Wabunge wakaandika barua, wanasayansi wakashinikiza, familia ikakubali, jeneza la seremala likarudishwa likaletwa jingine la kung'aa, na tarehe 26 Aprili akazikwa Westminster Abbey, pamoja na wakubwa wa taifa. Wallace alikuwa miongoni mwa waliobeba. Emma hakwenda. William, mtoto wa lile daftari, alikaa mbele kama mfiwa mkuu, akahisi upepo wa baridi kwenye upara wake, akavua glavu akaziweka juu ya kichwa hadi ibada ikaisha. Baba yake angeandika hilo mahali.

Emma aliishi hadi 1896, akazikwa kwenye uwanja wa kanisa la Downe. Watu wa kijiji walinung'unika miaka mingi kwamba walinyang'anywa mzee wao, na mwenye baa mmoja alilalamika kwamba kaburi lingewaletea wageni. Kwa maoni yangu walikuwa na haki. Nyumba yenyewe sasa ni makumbusho, iko wazi kwa wageni, na Sandwalk bado unapitika.